Udi wa Mgeni

Harufu ya udi ikinipiga harusini mtaani Qurum, mimi hutoka nje.

Nilipokuwa mdogo, moto uliteketeza mitende ya jirani, na banda walimolala wafanyakazi wake wa Kifilipino. Aliokoka dada mmoja tu. Mama alimleta kwetu, akamwogesha, akamvika kanzu yake mpya, kisha akamsimamisha juu ya chetezo cha makaa na udi, kama tunavyomfukiza mgeni wa heshima.

Moshi ulipompanda, yule dada alipiga ukelele, akakipiga teke chetezo, akamrarua mama uso kwa kucha.

"Nnakufukiza tu, mwanangu!" mama alilia, huku akiyaokota makaa kwa mikono mitupu ili zulia lisiwake.

Yule dada alipoviona viganja vya mama vimeungua, alivishika akavipuliza, huku bado anamtukana kwa lugha yao.