Wiebke Hakutaka Kuitwa Mke Mpendwa

Wiebke alimwonea wivu hata ng'ombe. Msicheke. Kila asubuhi alisimama nyuma ya mlango wa zizi akimsikiliza mumewe, Balz, akimsemesha Bless, yule ng'ombe mwenye baka jeupe usoni: "Sogea huko, bibi mnene, leo umeamka na kisirani gani?" Na yote hayo kwa lugha yetu ya bondeni, ile tunayozaliwa nayo hapa Glarus, milimani. Kisha Balz aliingia jikoni, akavua buti, akanyoosha mgongo, akasema kwa Kijerumani cha vitabuni: "Habari ya asubuhi, mke wangu mpendwa. Je, ungeweza kunipatia kahawa, tafadhali?"

Ng'ombe kapata utani, mke kapata hotuba!

Kwao Wiebke ni Lübeck, kwa Wajerumani wa kaskazini kabisa, karibu na bahari. Alipoolewa huku hakuelewa hata neno moja la bondeni, na sisi kwa adabu zetu, kila alipoingia dukani tulibadilisha lugha papo hapo, tukasema Kijerumani cha vitabuni, kama watoto waliomwona mwalimu. Mwanzoni alishukuru. Lakini miaka ikaenda, mvi zikaingia, lugha yetu akaielewa yote, matusi na yote, na bado tulimbadilishia. Sisi tuliona ni heshima. Yeye ilimkaa rohoni, maana mtu anayebadilishiwa lugha ni mgeni, hata akizeekea hapo.

Bless alivumilika. Aliyemchoma hasa ni Regula, mtengeneza jibini. Ijumaa moja simu ya Balz ililia mezani, Wiebke akachungulia. Kumbe wawili hao waliandikiana kienyeji, kila neno linavyotamkwa, bila nukta wala herufi kubwa. Regula: "maziwa yako leo yananuka soksi zako." Balz: "nusa vizuri, soksi za bei hizo." Wiebke akafungua ujumbe aliotumiwa yeye asubuhi ileile. "Mke wangu mpendwa, nitachelewa kidogo. Wako, Balz." Nukta zote mahali pake! Hata barua ya benki ina mahaba kuliko hiyo.

Akavaa koti, akateremka mbio kwa Regula, akamkuta mikono imezama kwenye sufuria kubwa ya maziwa.

"Una nini na mume wangu?"

Regula akapepesa macho, kisha akacheka mpaka akashikilia ukingo wa sufuria. "Mimi na Balz? Yule aliyekuwa akifutia makamasi kwenye sweta langu shuleni? Mama wee! Mimi hajaniambia 'tafadhali' hata siku moja. Wewe anakupa maneno ya Jumapili kila siku, unalalamika nini?"

"Nimechoka na Jumapili," Wiebke akasema. "Nataka anisemeshe kama ninyi."

"Basi mwambie mwenyewe, shoga. Ila usije kunililia hapa."

Jioni Wiebke akatenga samaki wa siki na krimu, chakula cha kwao anachokiandaa kila Ijumaa tangu harusi.

"Kuanzia leo," akasema, "ukinisemesha kama mgeni, utajipikia."

Balz akaweka uma chini. "Mke wangu mpendwa, nahofia kwamba katika lugha ile mimi si mpole sana."

"Sema!"

Balz akaitazama sahani. Akajikuna shingo. Kisha, kwa lugha ya bondeni, yakamtoka: "Haya sikia, we mwanamke. Huyu samaki wako simpendi. Tangu siku ya kwanza simpendi. Nammeza tu kama dawa."

Wiebke akakaa. Kila Ijumaa alikuwa akiambiwa, "Asante, ni kitamu sana," na kila Ijumaa aliamini. Iliuma, jamani, msidhani haikuuma. Akanyakua sahani, akammiminia paka. Akakata pande la jibini, la Regula hilohilo, akalibwaga mbele ya mumewe, na kwa lugha yetu, lafudhi ya Lübeck imepinda huku na huku, akafoka: "Kula basi, mzee mnafiki we, kabla sijakupeleka ukale na Bless!"

Balz akacheka. Akacheka mkono tumboni, machozi yanamtoka. Ndicho kile kicheko ambacho Wiebke alikuwa akikisikia kwa kujibanza nyuma ya mlango wa zizi tu.

"Na mkate nao lete, bibi mnene," Balz akasema.

Na Wiebke, mwembamba kama ufito, akamletea.