Meza ya Meneja

Asubuhi ile ya mwisho ya kawaida, paka aliyeitwa Meneja aliruka juu ya meza ya kukatia nguo, akajinyoosha juu ya suruali ya mteja, akalala. Bi Fundi hakumfukuza. Alimzunguka kwa mkasi kama mtu anayekwepa dimbwi. Mumewe, mpiga pasi wa chumba chao cha ushonaji, akasema alichokuwa akisema kila siku:

"Huyu paka ananizidi cheo."

"Yeye hajawahi kuunguza shati la mtu," akajibiwa.

Kesho yake Meneja aliruka, akaikosa meza, akaanguka chini pu! Akaanza kujilamba, eti alikusudia. Miaka kumi na saba si mchezo.

Daktari wa mifugo akampapasa tumbo, akatikisa kichwa. Figo zimechoka, dawa hakuna.

"Mama, usimtese. Siku atakaposhindwa kupanda mahali pake, niite. Nitamlaza kwa sindano, hatasikia kitu."

Bi Fundi aliitikia kwa adabu zote. Daktari alipotoka tu, akamgeukia mumewe.

"Mzee, msumeno uko wapi?"

"Wa nini tena?"

"Meza hii imeinuka mno. Sijui kwa nini hatukuliona hilo siku zote."

Mumewe akaelewa. Akaipindua meza, akakata kila mguu kiasi cha shubiri. Mmoja ukazidi. Akaupunguza, ukazidi mwingine. Akaupunguza na huo, meza ikayumba upande wa tatu. Alikuwa mtu wa pasi, si wa msumeno. Kufika mchana meza ilikuwa chini ya magoti.

"Acha hapo hapo," mkewe akasema. "Utanibakishia ubao."

Meneja akapanda. Miguu ya mbele kwanza, akapumzika, kisha ya nyuma. Bi Fundi akapiga makofi mpaka jirani akachungulia.

Tangu siku hiyo alikata nguo akiwa amepiga magoti. Wateja wakapata la kusema.

"Bi Fundi, unashona au unaomba msamaha?"

"Naomba msamaha. Suruali yako bado."

Meza hiyo ipo mpaka leo. Siku hizi mumewe, aliyebaki peke yake, huketi chini, akala juu yake. Haijaacha kuyumba.

Wiki ya tatu tangu meza ikatwe, daktari akapita kuangalia. Akasimama mlangoni, akaitafuta meza kwa macho.

"Mama, hii ni meza au sinia?"

"Si ulisema akishindwa kupanda? Haya, mtazame."

Meneja akaweka miguu ya mbele. Akapumzika. Akapumzika tena. Mumewe akaweka pasi chini, akajikuta anamsukuma kwa macho. Mguu mmoja wa nyuma ukapanda. Wa pili ukaning'inia, ukaning'inia, nao ukafuata. Meneja akajibwaga juu ya koti la mtu.

Daktari hakutania tena. Akachuchumaa kando ya Bi Fundi, akamuuliza polepole:

"Na akishindwa hata hapa, mama?"

Bi Fundi akamkuna paka nyuma ya sikio. Akaipima ile meza kwa jicho la kifundi, kisha akatazama chini.

"Hapo nitakuita, mwanangu. Sakafu siwezi kuichimba."