Turubai Juu ya Shimo la Mama Ngalula

Msicheke kwanza, acheni nimalize. Mpaka leo nikipita sokoni kwetu hapa Kolwezi kuna wamama wa mandazi wanaovuta ncha ya kitenge wakaziba pua, kisha wananisalimia kwa heshima zote, “Jambo, patron,” na mimi naitikia, maana nifanye nini, waliona yote kwa macho yao.

Mimi ni mjenzi. Nina kampuni ndogo (tuiite kampuni, ingawa ni mimi, fundi wangu Kasongo, vibarua kadhaa na toroli linalolia njia nzima) na Mama Ngalula, mjane anayeuza mafuta ya mawese, alitupa kazi ya kuchimba shimo la choo kipya nyuma ya nyumba yake. Kazi ya kawaida kabisa. Ila mvua zilikuwa zimeanza, shimo likawa linajaa maji, nikaamua kulifunika kwa turubai. Kosa lote ni hilo. Kwa sababu yeyote aliyezaliwa Kolwezi akiona turubai juu ya shimo ndani ya lupango, kiwanja cha mtu, anajua hapo hakuna choo, hapo mtu anachimba kobalti kwa siri, na mimi nimezaliwa hapa hapa, sikutoka mwezini, lakini siku hiyo akili yangu nayo ilikuwa imelowa. Tena nikaongeza na adabu: ili udongo usimwagike kwenye njia ya jirani, nikaagiza utiwe kwenye magunia na yapangwe vizuri ukutani. Shimo, turubai, magunia. Ulibaki mzani tu wa kupimia madini.

Jirani mwenyewe ni Tata Mukendi, mzee aliyestaafu kazi ya mgodini, mtu wa kanisa, asiyejua utani. Ukuta wa jiko lake ulikuwa umeanza kupasuka. Akatazama ufa, akatazama turubai langu, akaenda moja kwa moja kwa chef wa mtaa kunishtaki kwamba nachimba njia ya kuingia chini ya nyumba yake. Leo simlaumu (siku ile nilimlaumu hata usingizini), kwani sote tunajua nyumba zilizodidimia kwa ajili ya mashimo ya namna hiyo.

Habari ilifika kwa padri kabla ya kunifikia mimi. Padri alikuwa ameniahidi kazi ya kujenga ukuta wa shule ya parokia, kazi ambayo vibarua wangu walikuwa wameshaanza kuiota, sasa akaniita na kuniambia kwa upole unaouma: “Ilunga, maliza kwanza ile palabre na jirani yako. Siwezi kupatia kazi ya masomo muntu mwenye banasema anachimba chini ya nyumba ya bantu.” Nikaelewa. Chef akiniona na hatia, sipotezi ukuta tu, napoteza jina, na jina likishapotea hapa kwetu hakuna atakayekuita hata kuziba bomba.

Chef akasema atakuja kutazama mwenyewe, Jumapili baada ya misa. Nami nikajiambia siendi pale kama mchimbaji, naenda kama patron, bosi mwenye kampuni. Nikavaa suti yangu ya harusi na viatu vilivyong'aa mpaka nzi angeteleza. Mke wangu akaniangalia kutoka juu hadi chini. “Unaenda kuonyesha shimo ao unaenda kuoa tena?” Nikakaza tai, nikatoka.

Lupango lilikuwa limejaa watu, mpaka wanakwaya na sare zao. Nikasafisha koo.

“Tata chef, hii ni musalani ya mama.”

“Bote banasemaka vile,” akadakia Tata Mukendi. “Inaanza musalani, kisha tunasikia nyundo chini ya kitanda.”

“Mi na hii magoti yangu, nitaanza kuchimba mabwe?” akauliza Mama Ngalula; mabwe, yaani yale mawe ya kobalti.

Chef akaamuru turubai litolewe. Akachungulia. “Shimo ya musalani inashukaka chini tu,” akasema. “Shimo ya mabwe inageukaka pembeni. Nani atanionyesha kama hii haigeuke?”

Hapo mtu mwenye busara angemtuma Kasongo. Mimi nikasema, “Nitashuka mi mwenyewe.” Nikashuka ngazi na suti yangu, nikachukua nondo, nikawa nagonga upande mmoja baada ya mwingine huku nikipaza sauti kama mwalimu: “Sikieni, huku ni nguvu. Na huku, nguvu.” Upande wa Tata Mukendi udongo ulikuwa na unyevu, niliuona, lakini ndio ulikuwa upande wa kesi, na kwaya nzima ilikuwa imeinama inanitazama. Nikagonga. Ukuta ukanguruma kama tumbo lenye njaa. Nikagonga tena, kwa nguvu zaidi, ukafunguka.

Kilichotoka sitakieleza sana, wengine wenu mnakula. Kilikuwa choo cha zamani cha Tata Mukendi, ambacho shimo lake halikuwahi kujengewa hata tofali, na miaka yote hiyo kilikuwa kinakula udongo polepole kikija upande wetu. Kikanifika magotini, kikanifika mapajani, nikashika ngazi, ngazi ikateleza, nikakaa. Nilikaa, ndugu zangu, na suti ya harusi.

Huko juu harufu ikawafikia na kwaya ikatawanyika bila kupangwa sauti. Chef hakukimbia. Alitoa kitambaa, akaziba pua, akageuka taratibu. “Tata Mukendi, hii mabwe ni ya nani?”

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kasongo alinivuta kwa kamba, uso ameuelekeza kwingine, na chef akatangaza akiwa mbali: “Hakuna kobalti humu. Ile affaire inaisha leo.” Mimi nimesimama pale natiririka, na mnaweza kusema naongopa, lakini nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Jina langu lilikuwa safi, ni mimi tu niliyekuwa mchafu.

Tata Mukendi alikuwa ameenda kutazama jiko lake. Ufa ulianzia pale pale choo kilipokula udongo. Kikulacho ki nguoni mwako. Akarudi na ndoo ya maji na sabuni, akanisogelea wakati hata mke wangu alikuwa amesimama mbali.

“Mwana, unisamehe. Niliogopa nyumba itaangukia bajukuu.”

“Na mi niliogopa kupoteza kazi, tata.”

“Kama haungegonga, tungeanguka mule bote,” akasema, akaanza kunimwagia maji kichwani mwenyewe.

Ukuta wa shule tuliujenga (padri aliomba tu nioge vizuri kabla ya kuja kusaini), na suti ilizikwa siku ile ile. Nimeapa: mvua inyeshe, jua liwake, shimo langu halitafunikwa tena, anayetaka kuchungulia achungulie. Kazi ya kwanza baada ya kiapo hicho ilikuwa choo kipya cha Tata Mukendi. Alileta kiti chake, akakaa ukingoni kila siku akitutazama, na kila niliponyanyua nondo alikisogeza nyuma.