Njia Iko Wapi?

Enzi zetu pale Kaole, daftari la hesabu halikufunguliwa hivi hivi tu. Kwanza ulilijalidi kwa karatasi ya mfuko wa saruji, iliyokung'utwa vumbi mpaka pua ziwashe. Kisha unachora pambizo kwa rula, na asiye na rula anatumia pande la ubao aliloliokota kwa seremala, kwa hiyo pambizo zetu wengine zilipinda kama mkia wa mbuzi. Tarehe juu, kichwa cha habari katikati, mistari miwili chini yake. Jibu nalo linapigiwa mistari miwili, utadhani linatandikiwa kitanda. Kipindi kinafika nusu hatujajumlisha kitu, lakini ukurasa unapendeza kama mkeka mpya.

Penseli mama alikuwa akiikata vipande viwili, kimoja changu kimoja cha dada. "Penseli haina miguu," alisema kila asubuhi. "Ikipotea, umeipoteza wewe." Wakati wa mapumziko tulikula mihogo ya nazi kwa mikono, kengele ikilia tunaifuta kwenye kaptula, na bado daftari likanuka nazi mpaka mwisho wa muhula. Mchana chuoni kusoma Kurani, alasiri mpira wa rede uwanjani hadi adhana ya magharibi. Vijana wa leo simu ikiisha chaji wanakaa kama wamefiwa.

Niliyakumbuka haya juzi, nilipomkuta binti yangu Mwanaidi barazani, kompyuta mapajani. Ni mwalimu wa hesabu, amepangiwa sekondari huko Kerege, Jumatatu anaanza. Nikaketi kushoto kwake, ili sikio langu la kulia liwe upande wake. La kushoto halisikii. Nitalifikia.

"Tangu asubuhi wafanya nini hapo, mama?"

"Napanga daftari, baba."

"Daftari gani halina hata karatasi?"

Akanielekeza. Ni programu ya hesabu, ina ukurasa kama daftari. Unaandika hesabu ndani ya kisanduku, unabonyeza, jibu linatokea chini yake. Lakini kabla ya kuitumia lazima uipange: ukubwa wa herufi, rangi ya ukurasa, tarakimu ngapi zibaki baada ya nukta. Jumatatu ataimulika ukutani, darasa zima lione.

"Asubuhi yote unachagua rangi," nikamwambia. "Sisi rangi yetu ilikuwa moja tu, ya uchafu."

"Ndiyo maana mkapata sifuri."

"Nani kakwambia nilipata sifuri? Mimi nilipata jibu. Jibu ndilo lililoniponza."

Akacheka, akarudi kwenye kazi yake. Halafu akauliza, bila kuniangalia: "Kuna hii ya kuficha visanduku vya hesabu, yabaki majibu matupu. Ukuta unakuwa safi, watoto hawachanganyikiwi. Niifiche njia, baba?"

Neno lile, njia, likanirudisha Kaole.

Nilikuwa darasa la nne. Ubaoni paliandikwa: boriti mia mbili na arobaini zigawiwe nyumba kumi na mbili, kila nyumba ipate ngapi? Baba yangu alikuwa akiuza boriti za mikoko, na boriti kwetu huhesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Mia mbili na arobaini ni korija kumi na mbili. Nyumba kumi na mbili, korija kumi na mbili. Nikaandika ishirini, nikapiga mistari yangu miwili, nikaweka penseli chini.

Mwalimu alikuwa mtu wa bara, korija haijui. Jina lake Kibwana Mzee, nalitaja. Akasimama juu yangu. "Njia iko wapi?" Nikamjibu, "Nimeiona tu, mwalimu." Kiranja wetu, Rajabu Tindo, naye namtaja, akaapa kwamba nimechungulia kwake. Na daftari la Rajabu lilikuwa na mia mbili hamsini na mbili! Alikuwa amejumlisha boriti na nyumba. Sasa nilichungulia nini? Lakini Kibwana hakuangalia la Rajabu. Alinipiga kofi la sikio la kushoto nikaanguka na dawati, damu ikatoka, na kuanzia siku ile nikaitwa mwizi wa majibu. Nilivumilia mpaka darasa la tano, kisha nikaacha, nikaenda kubeba boriti.

Watu huniambia nimsamehe mwalimu. Mzee wa watu sasa, yuko Msata anafuga kuku. Kuku wake nawatakia afya njema.

"Usiifiche," nikamwambia Mwanaidi. "Pabaki pachafu. Atakayepata jibu kwa njia yake, mwache aiseme, hata kama huijui. Asiposema vizuri, mngoje."

Akanitazama. Kisa cha sikio anakijua, cha boriti sikuwahi kumwambia. Nikamwambia chote. Alipomaliza kusikiliza hakunipa pole, na nilishukuru. Alibonyeza mahali, akafungua kisanduku kingine, cha maneno, kisicho cha hesabu.

Daftari lile la kwao halinuki nazi. Pambizo inajichora yenyewe, hakuna anayekimbizana na penseli. Ningeulizwa lipi lilikuwa zuri, ningesema letu, na ningekuwa nasema kweli. Mpaka leo nikiona karatasi ya mfuko wa saruji mkono unataka kujalidi kitu.

Lakini Mwanaidi aliweka vidole juu ya herufi, akaniinamia.

"Haya baba, ile ya boriti. Njia iko wapi?"

Swali ni lile lile, neno kwa neno. Safari hii muulizaji alikuwa upande wa sikio langu zima, na alikuwa anangoja.