Mwonjaji wa Mama Mkwe

Juzi nilimsindikiza mjukuu wangu kliniki hapa Sumbawanga, mimba yake ya kwanza. Mbele yetu binti mwenye tumbo kubwa alimwambia nesi kwa sauti ndogo, "Dada, mimi nakunywa pombe. Nataka kuacha, nisaidie."

Benchi zima liliguna, na mimi niliguna kuliko wote. Mama mkwe wake, aliyekaa pembeni, akapiga makofi. "Aibu gani hii! Mkaripieni, labda nyie atawasikia."

Binti akaokota kadi yake, akakaza kanga, akaelekea mlangoni. Nesi akamshika mkono.

"Usiondoke, mdogo wangu. Umeshasema, tutakwenda pole pole. Pombe unaipata wapi?"

"Nyumbani. Mama huyu hapa anapika ya ulezi. Kila mtungi ukiiva ananiita nionje kama imekolea."

"Sasa aonje nani?" mama mkwe akaja juu. "Huyu ndiye mwenye ulimi mzuri!"

"Kuanzia leo onja mwenyewe, mama," alisema nesi. "Na wiki ijayo mje wote wawili. Dawa yake ya kwanza ni wewe."

Tulicheka mpaka benchi likatikisika. Binti akarudi kukaa. Ndipo mjukuu wangu akanigeukia, tena kwa sauti kubwa kama ya mhubiri kanisani:

"Bibi, na ule ulezi wa kimea ulioniwekea, wa kunipikia pombe ya kuleta maziwa nikijifungua, tuufanyeje?"

Benchi likageuka kunitazama. Hapakuwa na aliyeguna, na hilo ndilo lililoniuma.

Ule ulezi tumeupika uji.