Mgeni Kutoka Mtoni

Kabla ya fujo za uchaguzi nilikuwa nikinunua vitunguu na kabeji Cheptiret, nikivipeleka hadi Mto Nzoia, kule chini karibu na ziwa, na kuwauzia watu wa ng'ambo kwa mtumbwi. Mke wangu alikuwa akisema nyayo zangu zinawasha nikikaa nyumbani wiki nzima. Hakukosea.

Mtaa wetu wa Langas ulipochomwa nilikuwa mtoni. Tulipoteza nyumba, hatukupoteza mtu. Mke wangu alimbeba binti yetu, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kuita baba, akaenda kwa wazazi wake Chepsaita. Baba mkwe alinipigia simu, akaniambia kwa upole ningoje huko huko. Vijana walikuwa wakiuliza watu majina barabarani ili wajue kabila, na langu, alisema, linanuka samaki wa ziwani kutoka mbali.

Basi nikangoja, nikivusha mikeka na vyungu. Kila abiria alisimuliwa meno ya mtoto wangu: mawili chini, moja juu. Wapiga kasia walichoka. Mmoja akaniambia, "Bwana Vitunguu, huyo mtoto sasa anatafuna mahindi ya kuchoma. Tuletee habari mpya." Wenzake wakacheka, nami nikacheka, lakini habari mpya sikuwa nayo. Nilianza kuogopa kwamba nitarudi na mtoto hanijui.

Mwaka wa pili, barabara zilipotulia kabisa, baba mkwe mwenyewe alikuja kunipokea stendi. Akanishika mkono, tukatembea hadi kwake mbele ya majirani wote. Binti yangu alikuwa uani akifukuza kuku. Akanitazama kutoka kofia hadi viatu, kisha akaita jikoni, "Mama, kuna mgeni."

Mke wangu alitoka na mikono ya unga, akicheka na kulia kwa pamoja. Alitaka kumsahihisha, nikamwomba amwache. Nikakalia kiti cha wageni, nikapewa mursik, maziwa yaliyogandishwa kibuyuni, katika kikombe cha wageni, nikanywa kwa adabu zote. Mtoto akasogea, akarudi nyuma, akasogea tena mpaka karibu na goti langu.

"Mgeni, utalala kwetu?"

"Nitalala."

"Na kesho?"

"Na kesho pia."

Akafikiri kidogo. Halafu akaingia ndani, akaniletea slipa za babu yake.