Mawe ya Redio Juani

Harufu ya njugu zikikaangwa kwenye karai, imechanganyika na moshi wa dizeli: hiyo ndiyo Malaba yangu. Mama alikaa kando ya barabara, pale malori yanapongoja kuvuka kuingia Uganda, akiwapimia madereva njugu kwa kikombe, nami nikikunja vipande vya gazeti vya kufungia. Nilikuwa darasa la tano, namba moja tangu la kwanza. Anayedhani najisifu awaulize walimu wangu. Msimu ule, baada ya mavuno, foleni ilirefuka ajabu, na dereva mmoja Mganda aliyekuwa amelala ndani ya lori siku nne alimletea Mama kaseti.

"Mama, chukua hii. Niliachiwa na mzungu niliyempa lifti. Hawa watu wanaimba kama nyumba inaungua."

"Sasa moto unaniletea mimi?" Mama akacheka, akaipokea.

Ilikuwa bendi ya muziki wa panki, vijana wanne waliosimamisha nywele kama jogoo aliyekasirika. Redio yetu ya kaseti ilikula betri nne kubwa, mawe kama tulivyoziita, na Mama hakununua mapya mpaka yale ya zamani yakatae kabisa. Kila asubuhi aliyaanika juu ya bati la kibanda, akiyageuza jinsi mtu anavyogeuza mihogo inayokauka. Adhuhuri tuliyarudisha redioni yangali na joto. Nguvu iliyopatikana ilitosha kuzungusha kaseti, ila polepole. Kwa hiyo ngoma zilitembea, gitaa likakokota miguu, na mwimbaji akawa na sauti nzito ya mtu mzima anayesimulia jambo lililomuuma. Mama hakujua neno hata moja la Kiingereza, lakini mwiko wake ulifuata mdundo ndani ya karai. "Huyu baba ana shida," alisema. "Lakini anajikaza." Nami niliamini kwamba bendi hiyo huimba hivyo.

Miaka ikapita. Nilijisomesha mwenyewe mpaka nikapata diploma ya umeme, na wasichana tulikuwa wawili tu darasani. Siku moja mwenzetu akaucheza wimbo uleule kwenye kompyuta yake. Ulikimbia kama mbuzi waliofunguliwa zizini! Nikatangaza mbele ya wote kwamba mashine yake ni mbovu. Walinicheka muhula mzima. Baadaye nikaelewa kwamba betri ikidhoofika, mota huzunguka taratibu na sauti huwa nzito. Leo nalijua somo hilo kuliko mtu yeyote kutoka hapa mpaka Busia mjini. Niliendelea kuipenda bendi, nina albamu zao zote, lakini moyoni nilihisi kwamba ile ya kasi ni ya watu wengine. Yangu na Mama ilibaki kwenye bati.

Nilifanya kazi Uarabuni miaka kumi na mmoja, nikarudi, nikajenga Amagoro, si mbali na Malaba, nyumba ya vigae ambayo hutaona waya hata mmoja ukining'inia, maana niliitandaza mwenyewe. Nikamleta Mama akae nami. Lakini kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kumtoka, na tangu nirudi alikuwa hajawahi kuniita kwa jina. Huniita madam, kama alivyowaita wateja. "Karibu madam, nikupimie kikombe kimoja ama viwili?" Kila asubuhi mimi humjibu, "Viwili, Mama." Mimi niliyewasha taa za hoteli ndefu kuliko chochote kilichowahi kusimama wilayani kwetu, nilishindwa kumkumbusha mama yangu kwamba ana binti.

Wiki iliyopita bendi ile ilitoa albamu mpya. Wale vijana ni wazee sasa, na mashabiki wengine wanaandika mtandaoni kwamba wamechoka. Waandike. Mimi nimeisikiliza kwa masikio yaliyosomea kazi hii. Gitaa lingali na ukali wake, ila halina haraka. Mpiga ngoma anatembea. Mwimbaji hutulia kabla ya neno la mwisho, kama mtu anayetua mzigo njiani ili abadilishe bega, na sauti yake imekuwa nzito. Wimbo wa nne ulipoanza nilisimama wima. Ilikuwa sauti ileile ya Malaba! Imewachukua maisha mazima kufikia mwendo ambao mimi nilikutana nao darasa la tano.

Nikaongeza sauti. Mama alikuwa mezani akichagua njugu mbovu. Kidole chake kikaanza kugonga meza. Kisha akainua kichwa, akanikunjia uso kama anayemtazama mtoto mvivu.

"Apolot! Husikii mawe zimeisha? Enda uanike."

Spika yangu ni ndefu kumzidi Mama, na inatumia umeme wa ukutani. Zamani tulikuwa na kaseti moja tu na mawe manne yaliyochoka, na yeye akinijua. Sikumweleza habari za umeme. Nilisema, "Ndiyo, Mama," nikatoa betri mbili ndogo ndani ya rimoti ya televisheni, nikaenda kuzipanga kwenye ukuta wa veranda, penye jua kali. Nilikuwa nazitazama tu pale, macho yamejaa machozi, aliponiita tena kwa jina langu kutoka ndani.

"Apolot, usisahau kugeuza."

Nikazigeuza.